Dhiraa Moja ya Bomba

Kwaruu. Kwaruu. Kimya kidogo, halafu tena: kwaruu.

Ilikuwa kama mtu anakokota gunia la makaa juu ya sakafu ya saruji. Nyuma ya gunia hilo, mbali, sauti ya mwanamke ilikuwa inasema jambo. Mkasi alikuwa amefumba macho, hedifoni zimembana kichwa kama koleo. Hakuisikiliza ile sauti. Alilisikiliza gunia.

Alipofumbua macho aliona alichokuwa akikiogopa. Mama yake alikuwa ameegemea mito minne kitandani, shingo imevimba upande wa kulia, blanketi limepanda mpaka kifuani. Kando yake, juu ya stuli, juu ya vitabu vitatu, ilisimama maiki ndogo ya mezani yenye shingo ya shubiri moja tu. Badala ya kuutazama mdomo wa mama, maiki ilikuwa inalitazama blanketi. Kila mama alipovuta pumzi blanketi lilipanda na kushuka, likajikwaruza mbele ya maiki, na hilo ndilo lilikuwa gunia.

"Haifai," alisema Mkasi. Akabonyeza kitufe, akafuta. Kidole hakikusita. Kilikuwa na miaka sita katika kazi hiyo.

Mama alimtazama kama mwenye neno, lakini daktari alikuwa amemwagiza ayabane maneno yake kama maji ya safari ndefu. Akaurudisha mgongo kwenye mito.

Ilikuwa saa sita na robo mchana. Saa kumi mjomba angekuja na gari kumpeleka hospitali, na kesho yake alfajiri madaktari wangeliondoa lile donge kooni pamoja na sanduku zima la sauti. Daktari hakuwaficha. Atapona, aliwaambia. Atakula, atatembea, hata kucheka atacheka kwa namna yake. Ila kusema, basi.

Na huyu hakuwa mtu wa kusema ovyo. Mtaa mzima ulimwita Bi Stesheni, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili alikaa katika kijumba cha vioo kwenye stesheni ya reli akitangaza treni zinazoingia na zinazotoka. Watu walitania kwamba treni nyingine huchelewa kusudi ili Bi Stesheni azitaje mara ya pili. Sauti ile haikuhifadhiwa popote. Aliitoa asubuhi ikaisha jioni, kesho akatoa nyingine, mpaka mashine ikaletwa kumrithi na yeye akarudi nyumbani.

Kinyozi hajinyoi. Mwanawe alikuwa fundi sauti wa redio, na hakuwahi kumrekodi hata sentensi moja. Si kwamba hakuwa na njia. Ilikuwa kiburi. "Sauti ya mama yangu hairekodiwi kwa simu kama tangazo la sumu ya panya," alikuwa akisema. "Siku yake itafika, nitaleta maiki ya maana." Kazini walimpa jina la Mkasi kwa jinsi alivyokata kila kikohozi, kila kusitasita na kila pumzi ya watangazaji. Mtu akipita mikononi mwa Mkasi, walicheka, anatoka hana mapafu. Yeye alilipokea jina hilo kama nishani.

Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika, tena ilikuwa imebaki saa tatu na robo tatu.

Na rekodi hii haikuwa ya kuweka kabatini. Ilikuwa ya Mboni, mdogo wake wa mwisho, msichana wa miaka kumi na mitano aliyepofuka kwa homa kabla hajajifunza kutembea. Mboni alikuwa shule ya bweni, safari ya siku mbili, katikati ya mitihani. Tangu utotoni, mama alimwongoza ndani ya nyumba kwa sauti, vilevile alivyoziongoza treni: hatua kadhaa, ngazi, kizingiti, kata kulia. Kila Mboni aliporudi likizo hakushikwa mkono na mtu. Alisimama getini, akaitwa, akaifuata sauti mpaka akamfikia mwenye sauti.

Wiki iliyopita alimpigia kaka yake simu. Hakulia. Afadhali angelia.

"Kaka, wewe uso wa mama unao," alisema. "Mimi uso wake ni ile sauti. Nikirudi nitamjuaje?"

Naye Mkasi, kwa lile domo lake, akajibu: "Nitakuwekea, mdogo wangu. Safi kuliko redio. Utaongozwa kama kawaida, toka getini mpaka kitandani kwake."

Hilo ndilo walilokubaliana yeye na mama: ataisema njia yote, mara moja, kwa mpangilio wake wa stesheni. Sauti yake siku hizi ilikuwa kama kisima cha kiangazi. Ukiteka ndoo moja, mbili, chini kunabaki tope, na inakubidi usubiri.

Mkasi aliongeza kitabu cha nne, halafu cha tano. Mnara ukayumba. Tena kila kitanda kilipolia, mtikiso ulipita kwenye stuli, ukapanda vitabuni, ukaingia kwenye maiki. Mkono wa chuma wa studioni, ule unaopinda kama shingo ya korongo, ulikuwa umefungwa kwa bolti kwenye meza ya kipindi kilichokuwa hewani. Aliikodolea maiki macho. Haikuwa mbaya. Ilikuwa fupi, basi. Ilihitaji kitu cha kuitia kimo kati ya kitako na kichwa.

Aliing'oa kichwa, akachukua kitako, akatoka mbio.

Nyumba ya pili alikaa fundi bomba, mzee mwenye vidole vinene na maneno ya kuchoma. Alimkuta uani akinoa msumeno.

"Fundi, nataka bomba!"

"Salamu imekatwa nayo? Au hiyo pia ulisikia ni kelele?"

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Sema sasa. Maji yamepasuka wapi?"

"Si maji. Nataka bomba jembamba, jepesi, refu kiasi cha dhiraa moja. Linafungwa hapa kwenye kitako, na juu yake inafungwa maiki. Chini jike, juu dume."

"Unatafuta bomba au mchumba?"

"Fundi, nakuomba. Mama anaondoka saa kumi."

Uso wa mzee ukabadilika. Aliuweka msumeno chini, akafungua sanduku lake la makorokoro, akapekua mpaka akaibuka na kipande cha bomba la bafuni, lile la kuogea kwa kusimama, chuma chembamba kinachong'aa. Alijaribu kukizungusha kwenye kitako. Kikacheza kama jino bovu.

"Nyuzi hazipatani," alisema. "Nyuzi za bomba ni nene, za mtu mwenye njaa. Za hiki kidude chako ni nyembamba, za fundi saa."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Nani kasema?" Alitoa ule utepe mweupe ambao mafundi bomba huuzungushia kwenye viungio maji yasivuje, akauzungusha mara kumi na tano, akakaza kwa koleo. Kitako kikashika. "Tunakaza. Sauti nayo ni kama maji tu. Ukiiachia tundu, inavuja."

Walirudi wote wawili. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

Maiki ilipofungwa juu ya bomba na kusimamishwa kwenye stuli, ilifika sawasawa na mdomo wa mama. Mkasi aliiweka kwa upande, isiwe mbele kabisa, ili pumzi ipite bila kuipiga. Blanketi lilibaki huko chini na makwaruzo yake. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mama, tujaribu kwanza. Hesabu moja mpaka tatu."

Mama aliinua nyusi. "Moja," alisema. "Mbili. Ta..."

Gwa! Kitako kilikuwa chepesi mno kwa kimo kile kipya. Mnara mzima uliinama ukaanguka juu ya mito, sentimita chache kutoka kwenye shingo iliyovimba. Fundi bomba aliruka kuudaka, akachelewa.

"Mwana wewe, unataka kumfanyia mama yako upasuaji hapahapa?"

Mkasi alikimbilia jikoni akaja na pasi nzito ya chuma, akaikandamiza kwenye kitako. Mnara ukatulia.

"Tena, Mama. Moja mpaka tatu."

"Moja. Mbili. Tatu."

Sasa masikioni mwake kulikuwa na nyuki. Nnnnng. Mlio mwembamba, haukomi.

"Kuna mvumo," alisema.

"Mimi sisikii kitu," alisema fundi bomba.

"Wewe una masikio ya kusikia maji tu."

"Na wewe una masikio ya kusikia visivyokuwepo."

Lakini mvumo ulikuwepo. Friji ya jikoni ilikuwa inanguruma, mngurumo ukipita sakafuni, ukipanda miguu ya stuli, na lile bomba tupu likiuimba kama filimbi. Mkasi alizima friji; sasa akaisikia pampu ya nyumba ya jirani. Akaweka ndala kuukuu chini ya kitako. Mvumo ukapungua, haukwisha.

"Mama, samahani. Mara nyingine."

"Moja," alisema mama. "Mbili."

"Na tatu, Mama, tatu ndiyo ninayoitaka, pale sauti inaposhuka."

"Tatu."

Kama angeisikiliza hiyo tatu, angesikia jinsi ilivyokatika ncha. Alisikiliza mvumo. Akafuta. Akalifungua bomba, akaenda nalo uani, akalijaza mchanga mkavu mpaka juu, akaziba midomo yake kwa vipande vya soksi, akarudi, akafunga tena. Kila kufungua kulitaka utepe mpya, kila utepe ulimtaka fundi bomba, na fundi bomba hakuwa mtu wa kuharakishwa. Walijaribu tena. Bado kidogo. Mchanga ulikuwa umejishindilia, wakaongeza. Wakajaribu tena.

Saa nane na dakika kumi mvumo ukafa.

Mkasi alisimama bila kutikisika. Kwenye hedifoni kulikuwa na kimya kisafi, kimya cha dunia kabla haijaumbwa. "Fundi! Njoo usikie! Studio gani ina kimya kama hiki? Nani mwingine angeweza?" Akageuka, macho yanawaka. "Haya, Mama. Sasa sema yote. Anzia getini."

Mama alifungua mdomo.

Hewa ilitoka. Hewa tupu, yenye mkwaruzo mdogo ndani yake, kama mlango unaofunguliwa nyumba ya mbali. Alijaribu tena. Mishipa ya shingo ilisimama. Hakikutoka kitu.

"Pole pole, Mama. Kunywa maji."

Alikunywa. Akamwashiria mwanawe ainame, na Mkasi akaleta sikio lake, lile sikio la kujivunia, mpaka mdomoni kwa mama.

"Nilishasema," mama alinong'ona.

"Ulisema nini?"

"Yote. Ile ya kwanza. Ulipofumba macho. Uliniambia nihesabu. Mimi kuhesabu nilimaliza darasa la kwanza... nikaona niseme kabisa, sauti ingali ipo."

Mkasi aliishika rekoda. Orodha ilikuwa tupu. Chombo kile hakikuwa na pipa la takataka la kupekua; kilichofutwa kimefutwa. Alirudi moyoni, akalitafuta lile gunia la makaa na ile sauti iliyokuwa nyuma yake. Alijaribu kukumbuka neno moja. Moja tu. Je, alisema "Mboni"? Alisema "karibu"? Hakukumbuka. Sikio lililoweza kuisikia pampu ya jirani kupitia ukuta na sakafu halikumsikia mama yake mzazi akisema mbele yake, kwa sauti nzima, kwa mara ya mwisho.

Alikaa chini sakafuni. Hakuwa na pa kuuweka uso wake.

"Tusubiri," alisema fundi bomba taratibu. "Kisima hujaa."

Walisubiri. Mama alifumba macho. Maji ya uvuguvugu, kitambaa cha joto shingoni, kimya. Saa nane na nusu ikapita. Saa tisa ikapita. Alijaribu, ikatoka hewa. Saa tisa na robo alijaribu tena, na safari hii chozi moja likamtoka pembeni mwa jicho, likashuka kwenye uvimbe.

Mkasi alitoka kibarazani. Alishika simu, akaliangalia jina la mdogo wake, akairudisha mfukoni. Atamwambia nini? Kwamba sauti ilikuwepo, lakini kaka yako akaona ina vumbi? Alipiga ngumi ukutani mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Fundi bomba alimfuata nje, akaushika ule mkono, akauchunguza kama anavyochunguza kiungio kilichoharibika.

"Ukuta umekukosea nini?"

"Niache, Fundi. Nimemuua mara mbili: miaka yote sikumrekodi, na leo nimemfuta. Kesho watachukua koo, lakini sauti nimeichukua mimi."

"Maneno makubwa hayo. Yaweke kwanza." Mzee alikohoa. "Nina miaka arobaini kwenye mabomba. Kuna nyumba unafika, bomba linatoa tone, tone, tone. Fundi mjinga hulipiga teke bomba. Fundi mwenye akili husogeza ndoo."

Mkasi alimwangalia.

"Mama yako bado ana tone," alisema fundi bomba. "Mimi nimelisikia, na masikio haya ya maji. Wewe umeiweka ndoo kule mbali ukisubiri mto."

Mkasi aliingia ndani kwa hatua mbili. Kabla ya bomba lile, maiki isingeweza kabisa kuufikia mdomo wa mtu aliyelala. Sasa iliweza kwenda popote. Aliisukuma stuli mpaka ikabana kitanda, akalegeza kiungio, akalilaza bomba kidogo kuelekea mitoni, akaongeza uzito wa kitako kwa kitabu kinene juu ya pasi. Maiki ikasimama upana wa kidole kimoja kutoka pembeni mwa mdomo wa mama. Hakuna fundi sauti anayeweka maiki hapo. Hapo husikika ulimi, mate, meno, kila kitu ambacho kwa miaka sita alikuwa akikikata. Akafungua rekoda mpaka mwisho wa uwezo wake.

Pumzi ya mama iliingia masikioni mwake kama upepo mlangoni. Kidole kiliruka chenyewe kuelekea kwenye kitufe cha kufuta. Mkasi akakikamata kwa mkono wa pili.

"Mama," alisema, "nong'ona tu. Kama unamwambia siri."

Mama alilamba midomo. Akaanza.

"Mboni. Umefika. ... Geti linakwama. Lisukume kwa bega. ... Hatua saba za saruji. Ya nne ina ufa, usiogope."

Kila neno lilikuwa wazi. Halikuwa na mlio, halikuwa ile kengele ya stesheni, lakini lilikuwa na yeye ndani: jinsi anavyoitua "saba", jinsi anavyovuta "usiogope".

"Ngazi tatu. Ya katikati ni fupi. ... Kizingiti. Vua viatu, sakafu imepigwa deki."

Fundi bomba aliziba mdomo wake kwa kiganja.

"Ukuta uko kulia. Ufuate mpaka..."

Kikohozi kikamshika. Kilikuwa kirefu, kibaya, kilimkunja mama mzima, na kwenye hedifoni kilipasuka kama mabati yanayoanguka. Mkasi aliuma mdomo. Hakugusa kitu. Mama alipotulia, nje gari likasimama na honi ikalia, mara mbili, mara tatu. Mjomba. Fundi bomba alitoka mbio akipunga mikono yote miwili kama anayefukuza kuku shambani.

Mama hakushtuka. Aliinua kidole kimoja hewani, akangoja. Mkasi alikitambua kidole hicho. Alikuwa mtoto mdogo, ameketi chini ya meza katika kijumba cha vioo, na kila treni ilipoingia kwa makelele mama alikiinua vivyo hivyo, akaiacha ipite, kisha akaendelea palepale alipoachia, bila kurudia hata silabi.

Honi ilikoma. Kidole kikashuka.

"... mpaka uishe. Kata kulia. Mlango uko wazi. ... Hatua nne. Hapa kitanda. ... Mimi niko upande wa dirisha. Nyosha mkono. Sitakujibu, Mboni. Lakini nipo."

Kisha pumzi. Kisha nyingine. Mkasi aliziacha zote mbili ziingie, akahesabu mpaka kumi, ndipo akasimamisha rekoda. Hakufuta. Alihifadhi mara ya kwanza, akahifadhi mara ya pili kwenye kadi nyingine, na kwa haraka yake kadi ilimtoka ikaanguka blanketini, na ikabidi waitafute yeye na mama, wakipapasa kama Mboni.

Mjomba alisimama mlangoni na begi la nguo, kofia mkononi.

"Saa kumi, dada," alisema.

Walimwinua. Mama alipokuwa amekaa ukingoni mwa kitanda alimshika mwanawe kifundo cha mkono, ule wenye vidole vilivyochubuka, akamvuta karibu. Sauti haikuwepo tena hata ya kunong'ona. Midomo tu ilicheza, na kwa mara ya kwanza siku ile Mkasi alimtazama mama yake akisema badala ya kumsikiliza.

"Utakata?" midomo iliuliza. "Nisifike kwa mwanangu sina mapafu."

Mkasi alipiga magoti sakafuni mbele yake, kati ya stuli na kitanda, akaizungusha mikono yake kwenye miguu ya mama.

"Naahidi, Mama," alisema kwa nguvu, ili mjomba na fundi bomba wawe mashahidi. "Kikohozi chako, honi ya mjomba, mlio wa kitanda, vyote vitafika. Sitakata hata pumzi moja. Na siku atakayorudi nitamsubiri getini, nitamvika hedifoni hizi kwa mikono yangu, kisha nitanyamaza, umwingize ndani wewe."